Somo: mrututu ulivyotoboa ndoo ya mzee, na metali zinavyonyang'anyana

Habari za baridi wadau. Nikiwa fomu tuu mzee alikuwa anachanganyia mrututu wa kahawa (ile dawa ya bluu ya ukungu, kopa salfeti) kwenye ndoo ya bati, huko kwetu Mbozi, baada ya muda ndoo ikaanza kuvuja na lawama zote nikapewa mimi eti nimeigonga. Kumbe ni kemia.

Kwanza, kata chupa ya maji ya plastiki, weka maji na kijiko cha chai cha mrututu, koroga hadi yawe ya bluu. Ni sumu hiyo, ukimaliza chupa tupa, asije mtoto akanywea.

Pili, sugua msumari wa kawaida na msasa mpaka ung'ae halafu tumbukiza nusu. Subiri dakika kama tano uutoe. Chini umekuwa mwekundu wa kahawia, na hiyo sio kutu jamani, ni SHABA. Mrututu una shaba ndani, sasa chuma ni kikali kuliko shaba, kinaingia chenyewe kwenye maji kinaitoa mwenzie nje:

Fe + CuSO4 → FeSO4 + Cu (Fe ni chuma, Cu ni shaba, CuSO4 ndo mrututu)

Bati nalo ni chuma kilichopakwa zinki, zinki ni kali zaidi, so inaliwa yenyewe kwanza ikiisha ndo zamu ya chuma, ndoo kwisha habari.

Tatu, weka msumari wa bati kwenye siki, utaona vipovu, ni haidrojeni. Waya wa shaba hapohapo, kimya.

Foleni ya metali, kuanzia kali zaidi, ndo hii: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, (haidrojeni, sio metali, ndo ile ya kwenye siki), shaba, fedha, dhahabu. Wa mbele anamnyang'anya wa nyuma.

MASWALI

– Ticha, msumari wangu umekaa nusu saa haujabadilika?
Hujasugua, una mafuta ya dukani. Msasa kwanza.

– Alumini iko mbele ya chuma, mbona sufuria hazioti kutu?
Swali zuri dada. Ikigusa hewa tu inajivika ngozi nyembamba ya oksaidi inayoziba. Ila magadi yanaila hiyo ngozi, angalia sufuria ya maharage ilivyo nyeusi.

– Na dhahabu ya Chunya?
Mkia wa foleni, haigombani na mtu, ndo maana unaiokota mtoni ikiwa inang'aa.

– Sasa mkuu mrututu nichanganyie kwenye nini?
Ndoo ya plastiki. Na bomba la kupulizia suuza siku hiyohiyo, usilaze dawa ndani.