Kuanzisha tenki dogo la matumbawe nyumbani kwa sisi wa Pwani: maji kwanza, samaki baadaye

Mtu wa huku Pwani, iwe Dar, Tanga au Mombasa, akitaka tenki la maji chumvi kitu cha kwanza anachosema ni kwamba bahari si ile pale, nachota ndoo mbili tatu, naokota jiwe, nachukua na samaki wawili kwa wavuvi, nishamaliza. Wiki mbili mbele maji yananuka na samaki wote wamekufa, na inauma kwa sababu kule walikotolewa walikuwa wazima kabisa. Matumbawe yanafugika nyumbani tena vizuri sana, ila kazi yako kubwa ni kuyaweka maji yawe yale yale leo na kesho na wiki ijayo, ukiliweza hilo mengine yote yanafuata.

Chukua tenki la lita 80 mpaka 100. Najua yale ya lita 20 yanavutia na bei yake nafuu, lakini maji yakiwa machache kila kitu kinabadilika haraka, joto linapanda ndani ya saa moja, chumvi inapanda ndani ya siku moja, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe anachafua tenki zima kabla hujarudi kutoka kazini. Lita 80 ukijumlisha mawe, mchanga na kioo chenyewe unakaribia kilo 120, kwa hiyo ile meza nyepesi ya TV isahau, tafuta stendi ya chuma au mbao ngumu, weka pimamaji juu uhakikishe imekaa sawa, na usiiweke dirishani jua linapopiga.

Sasa joto, hapa ndo penye kazi. Maelekezo mengi ya hii kitu yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wao wanahangaika na hita, sisi tunahangaika na kupoza. Bahari yetu inashuka mpaka kama digrii 25 mwezi wa nane na kupanda hadi 29 hivi mwezi wa tatu, kwa hiyo lenga 26 au 27 na ukae hapo hapo. Likikaa juu ya 30 siku nyingi tumbawe linatema vile vijimwani vidogo vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, linabaki jeupe, na usipolipoza linakufa kwa njaa, ndo kilichotokea baharini kwetu mwaka 1998 kuanzia Kenya mpaka kusini mwa Tanzania. Njia rahisi ni feni ndogo inayopuliza juu ya maji, inashusha digrii mbili au tatu, ila miezi ya unyevu mwingi hewani nguvu yake inapungua, hapo inabidi tenki likae chumba chenye AC au ununue mashine ya kupoza maji. Usifunike kwa kioo, funika kwa wavu, joto litoke na samaki wasiruke nje.

Feni inapoza kwa sababu maji yanapaa, na kwa tenki kama hili unaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa siku. Yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unachoongeza kila siku ni maji yasiyo na chumvi, kamwe usijazie maji ya chumvi. Weka alama kwenye kioo kwa kalamu, maji yakishuka chini ya alama ongeza, asubuhi na jioni, au nunua kile kifaa chenye boya kinachojaza chenyewe. Na hayo maji yawe ya RO, yani yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakabaki karibu bila madini, sio ya bomba, sio ya kisima, sio yale ya dukani yaliyorudishiwa madini. Maji ya bomba yana klorini na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba hata kidogo sana inaua kamba, konokono na matumbawe.

Maji chumvi yenyewe unayapata kwa njia mbili. Ya kwanza ni chumvi ya akwariamu ya kuchanganya, kama Instant Ocean, gramu 35 mpaka 38 kwa kila lita ya RO, unamwaga chumvi ndani ya maji (sio maji juu ya chumvi), unaacha pampu izungushe mpaka kesho yake. Chumvi ya mezani au ya mawe haifai hata kidogo, ile ni chumvi tupu, haina kalsiamu na magnesiamu ambazo tumbawe linajengea mifupa yake. Ya pili ni maji ya bahari yenyewe na mimi naikubali kabisa, mradi uchote sehemu sahihi, yani usichote ufukweni wala karibu na mdomo wa mto au bandari, Msimbazi au Kilindini usijaribu, nenda na boti nje ya mwamba kwenye maji ya bluu, chota maji yakiwa yanajaa, na epuka siku za mvua za masika maana maji yanakuwa na matope na chumvi imepungua. Yapitishe kwenye kitambaa safi, yaweke kwenye pipa la plastiki la chakula, gizani, pampu ikizunguka kama wiki hivi ndipo uyatumie. Kwa njia zote mbili pima kwa refraktomita (kifaa cha kupima chumvi kwa kutumia mwanga), lenga gramu 35 kwa kila elfu. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale vinadanganya sana.

Umeme. Huu utakatika, jipange kabla haujakatika. Kinachoua samaki umeme ukikatika ni kukosa hewa kwenye maji, taa sio tatizo, matumbawe yanakaa gizani siku moja au mbili bila shida. Nunua pampu ya hewa ya betri, iwe jirani na tenki muda wote, zipo zinazojiwasha zenyewe umeme ukikata. Kama pampu yako ya mzunguko ni ya volti 12 au 24 unaweza kuiunga na betri kupitia UPS. Ukikosa vyote chota maji kwa jagi uyamwage tena kutoka juu, kila baada ya dakika chache, na usiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Na waya zote zishuke chini kidogo kabla hazijapanda kwenye soketi, ili maji yakichuruzika kwenye waya yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye soketi.

Vifaa vingine sitakaa navyo sana: pampu ya mzunguko ya kama lita 1,600 kwa saa, taa ya LED ya matumbawe yenye bluu ya kutosha pamoja na taima, hita ndogo kwa ajili ya usiku wa mwezi wa saba kama upo juu kama Arusha au Nairobi. Skima (mashine inayotoa uchafu kwenye maji kwa povu) kwa tenki hili sio lazima ukibadilisha maji kila wiki.

Mawe. Kwenye mawe ndo wanaishi bakteria watakaokusafishia maji, unahitaji kilo 7 mpaka 10 yenye matundu mengi. Usibomoe mwamba baharini. Matumbawe yote magumu yapo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vinavyotishiwa, na visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, sawa na Malindi na Watamu kule Kenya tangu 1968, humo haokoti mtu hata gamba. Tena huna haja ya kubomoa, sisi tumekalia mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa kwa ajili ya kujengea nyumba, bahari iliyaacha zamani sana ilipokuwa juu kuliko saivi. Chagua mepesi yenye matundu, meupe, bila udongo mwekundu wala kutu, dondoshea siki uone kama yanatoa povu, yasugue kwa brashi, afu yaloweke kwenye maji ya RO wiki tatu ukibadilisha maji. Usichemshe mawe yaliyowahi kuwa na viumbe vya baharini! Kuna aina za zoanthus (ndugu laini wa matumbawe wanaoota juu ya mawe) zenye sumu inayoitwa palitoksini, mvuke wake umewalaza watu hospitali familia nzima. Mchanga uwe wa aragonaiti (ule wa chokaa unaotokana na matumbawe na magamba), sentimita mbili au tatu tu. Mawe yakae kwenye kioo cha chini kwanza ndipo mchanga uzunguke, maana samaki wachimbaji wataufukua na jiwe litaanguka.

Ukishajaza kila kitu unasubiri, na hapa ndo wengi wanashindwa. Kinyesi na chakula kinachobaki vinatoa amonia, inaua. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa naitraiti, nayo ni mbaya, bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti ambayo kwa kiasi kidogo haina shida. Hawa bakteria hawapo siku ya kwanza, wanazaliana taratibu kwa wiki tatu mpaka sita. Weka kipande cha kamba mbichi ndani ya tenki, au amonia ya chupa isiyo na manukato mpaka kipimo kisome 2 (miligramu 2 kwa lita), bakteria wa chupa wanasaidia kuharakisha. Pima kila siku mbili. Siku utakayoweka amonia ya kufika 2 na kesho yake amonia na naitraiti zote zikasoma sifuri, tenki limeiva. Badilisha nusu ya maji, endelea. Usimtumie samaki hai kuivisha tenki, anaungua mashavu siku zote hizo na amonia ya chupa inapatikana, hakuna sababu.

Taa nayo ikianza kuwaka utaona vumbi la kahawia kwenye mchanga, kisha nywele za kijani. Ni kawaida kwa tenki changa, usitie dawa. Leta konokono wa trochus watano na nassarius watatu, punguza masaa ya taa, ng'oa kwa mkono. Konokono usiokote ufukweni ovyo ovyo, wale wenye gamba la umbo la koni wana mwiba wenye sumu, kuna aina inayoua binadamu.

Samaki kwa lita 80 ni watatu, wanne mwisho, na unaingiza mmoja au jozi kila baada ya wiki tatu ili bakteria waongezeke kwanza. Mimi ningeanza na jozi ya klaunifishi (wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe) waliozalishwa kwenye matenki. Wote huzaliwa wakiwa tayari kuwa madume na mkubwa ndiye anayegeuka jike, kwa hiyo chukua mmoja mkubwa na mmoja mdogo, au wote wadogo sana wamalizane wenyewe. Hawahitaji anemone (yule kiumbe laini mwenye mikono mingi wanayekaa ndani yake baharini), na wewe usinunue anemone mwaka wa kwanza. Anayefuata awe gobi, samaki mdogo wa chini, pamoja na kamba mshirika wake, wanakaa shimo moja, kamba anachimba na gobi analinda mlango, ukiwaona utaacha kuangalia TV.

Sasa wale wa kwetu wanaovutia macho. Kangaja wa bluu mwenye pezi la njano ni mzuri mno lakini anataka tenki la mita mbili na anapata ugonjwa wa madoa meupe haraka sana. Kitatange wengi wanakula matumbawe. Chewa mdogo anakuwa chewa mkubwa na anameza wenzake. Jongoo bahari akifa au akijeruhiwa anaweza kutoa sumu inayoua tenki zima, na kile kiti cha pweza chekundu ambacho watoto wanaokota kinakula sponji na matumbawe. Waacheni baharini, wanaishi vizuri zaidi.

Kila samaki apite karantini wiki nne, tenki la lita 30 na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, bila mawe. Ugonjwa wa madoa meupe unazaliana mchangani na kwenye mawe na dawa yake ya uhakika ni shaba, ambayo huwezi kuitia kwenye tenki la matumbawe, ukiuingiza humo itabidi utoe samaki wote zaidi ya wiki sita. Samaki aliyetoka mbali kwa ndege usimdondoshee maji taratibu kwa saa zima kama wanavyosema, ukifungua mfuko amonia ya ndani inakuwa kali ghafla. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20 joto lilingane, karantini uiandae ikiwa na chumvi sawa na ya mfuko, mtoe na kiwavu, maji ya mfuko mwaga.

Matumbawe yaje mwezi wa tatu hivi tangu uanze tenki. Anza na laini: matumbawe ya uyoga, ya ngozi, zoanthus (vaa glavu na miwani unapoishika au kuikata). Nunua vipande vilivyokatwa kwenye matenki ya watu, vimeshazoea kufugwa. Vichovye kwenye dawa ya akwariamu ya kuondoa wadudu wa matumbawe kwanza, viweke chini, taa iwe asilimia 40 kwa masaa nane, kisha panda kidogo kidogo kila wiki. Tumbawe linaloungua kwa taa kali ni gumu kulirudisha, la taa hafifu linavumilia.

Kila Jumamosi toa lita nane, rudisha lita nane zenye joto na chumvi ile ile, safisha kioo, pima naitreti, iwe kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita. Kwa matumbawe laini hiyo inatosha. Ukiongeza yale magumu pima na alkalini (kipimo cha bikaboneti kwenye maji), ikae digrii 8 au 9 (dKH), kalsiamu miligramu 420 na magnesiamu 1,300 kwa lita. Ukiona alkalini inashuka kati ya Jumamosi na Jumamosi ujue yanajenga mifupa, ongeza bikaboneti ya soda safi iliyoyeyushwa kwenye maji ya RO, kidogo kila siku, isipande zaidi ya nusu digrii kwa siku. Magadi ya kupikia maharage usitumie, yana madini mengine pamoja na floraidi nyingi.