Ndugu yako anapiga unga? Kumpeleka polisi sio tiba, fanya hivi

Naongea na wenye ndugu mateja, yaani wanaopiga unga (heroini), hasa wa hapa Dar. Najua mmeshaibiwa simu, mtungi wa gesi, mpaka nguo kwenye kamba, na mama kachoka anasema bora akamatwe tu akafunzwe huko. Nawaomba msifanye hivyo. Lupango haitibu, inamkatisha unga ghafla tu, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inaanza siku hiyohiyo, miayo, makamasi, tumbo linakata, jasho na baridi kwa pamoja, na siku ya pili ya tatu ndo mbaya kabisa.

Ongea nae akiwa katulia, asiwe na arosto wala asiwe katoka kupiga. Usianze na matusi wala habari za mtungi, muulize kama yuko tayari kwenda kliniki ya methadoni, ile dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga na kuzuia arosto, akikubali nendeni kesho yake asubuhi kabla hajabadili mawazo. Muhimbili walianza 2011, baadae Mwananyamala na Temeke, Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, Dodoma ipo Itega. Dawa ni bure. Kama hujui pa kuanzia watafute wale wahudumu wa asasi wanaopita maskani, wanajua njia yote.

Methadoni ni ya maji, kwa kawaida anakunywa palepale mbele ya mhudumu, kila siku hata jumapili. Dozi inaanza ndogo inapandishwa taratibu, kwa hiyo wiki za mwanzo arosto inaweza kumgusa akarudi maskani, usimfukuze nyumbani, mwambie akamweleze daktari ukweli. Nauli jamani! Wengi wanaangushwa na nauli, mtafutie ya daladala kila asubuhi hata mkichangishana ukoo mzima. Na asichanganye dawa na pombe wala valiamu (vidonge vya usingizi), pumzi inaweza kukata usingizini.

Akikamatwa, mara nyingi utaambiwa uzururaji. Nenda kituoni siku hiyohiyo, uliza kosa ni lipi, waambie yuko kwenye matibabu ya methadoni, na kumbuka dhamana ya polisi ni bure na wanatakiwa wamfikishe mahakamani ndani ya masaa 24. Hela ya wakili hamna? Tafuteni wasaidizi wa kisheria, wapo kwa mujibu wa sheria ya 2017 na hawatozi.

Hapa ndo panaponiuma. Mtu katulia kwenye dawa, karudi hata kupiga debe stendi, anasombwa kwenye msako, anakosa dozi siku kadhaa, akitoka anaanza upya na dozi ndogo. 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Chande, ile ya kuangalia utendaji wa polisi, magereza na vyombo vingine vya haki, ilikusanya maoni ya wananchi, sasa na sisi wenye hawa ndugu tuwabane madiwani na wabunge: mgonjwa asikamatwe kwa uzururaji, na aliyeko mahabusu apate dozi yake kila siku kama anavyopata wa kisukari.

La mwisho, akitoka jela mwili unakuwa umeshazoea kukaa bila unga, kipimo alichokuwa anapiga zamani kinaweza kumuua siku hiyohiyo. Mkampokee getini, na mumpitishe kliniki kwanza kabla hajafika mtaani.