Jinsi ya kumpa msomaji riwaya ambayo ataimaliza

Hii naandika kwa wakutubi wenzangu, wa maktaba za mkoa, za shule, za jamii, hata we uliyejitolea kukaa na kabati moja la vitabu kwenye ofisi ya kata. Maktaba zetu nyingi zinajaa ila zinajaa watu waliokuja kujisomea, mtu anaingia na daftari lake na pasti pepa zake anakaa mpaka jioni anaondoka, rafu ya riwaya hajaigusa. Ukimuuliza anakwambia riwaya alishamalizana nazo fomu foo. Kwake riwaya ni dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, "jadili kwa hoja sita". Kwahiyo kazi yetu ya kwanza ni kuutoa mtihani ndani ya kitabu.

Anza na swali zuri. Usimuulize "unapenda vitabu gani", hilo swali linamfanya mtu ajione hajui kitu, atakujibu "chochote tu" na hapo umeshampoteza. Muulize stori ya mwisho iliyomkosesha usingizi, iwe kitabu, iwe tamthilia ya kwenye tivii, iwe hadithi aliyokuwa akiifuata kwenye simu sehemu ya 14 sehemu ya 15 mpaka bando ikaisha. Halafu nyamaza. Msikilize anasifia nini. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Seattle kule Marekani, anasema kitabu kina milango minne: kisa, wahusika, mahali na lugha, na kila msomaji ana mlango anaopenda kuingilia. Mi naona hiyo inatufaa sana hata huku, jaribu kaunta uone. Anayesema "nilitaka kujua nani kamuua" huyo ni wa kisa. Anayesema "yule dada niliumia naye jamani" huyo ni wa wahusika.

Huyu wa kisa mpe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960, na usimwambie habari za shindano, mwambie tu kuna maiti mzimuni Unguja na kuna Bwana Msa na kiko chake anachunguza taratibu huku kila mtu anasema ni mizimu. Basi. Kama anataka mbio zaidi, risasi na safari, mpe Kufa na Kupona cha Elvis Musiba akutane na Willy Gamba, akirudi mpe Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Na hapa nawaomba sana wenzangu, usikunje uso mtu akiomba hizi riwaya pendwa. Kuna wazee leo wanasoma kila kitu na walianzia kwa Willy Gamba, wakigombania nakala moja iliyochakaa mpaka kava haipo. Mkutubi anayedharau kitabu mbele ya msomaji, yule msomaji harudi, na ana haki.

Wa wahusika mpe Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Mwambie ni Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja anaozwa kwa mzee bado mdogo kabisa, anatoroka, na nje kule anakutana na Denge ambaye Waingereza wanamsaka kwa siasa zake. Ukimwambia hivyo kitabu kinaondoka mkononi mwako mara moja. Kuna filamu yake pia ya 2021 ya Amil Shivji, aliyeiona filamu ni rahisi zaidi kumpa kitabu, mwambie kitabuni kuna mengi ambayo filamu haikuwa na nafasi nayo.

Rosa Mistika cha Kezilahabi nacho ni cha mlango huohuo, ila hiki kimpe mtu ukiwa unajua unachompa. Ni cha 1971, kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, ndani yake kuna baba mkali anayepiga, kuna kutoa mimba, kuna kujiua. Sisemi ukifiche, hapana, kwangu ni kati ya riwaya za kweli kabisa tulizonazo kuhusu malezi ya mabinti. Nasema usimpe mtoto wa darasa la sita kwa sababu jina ni zuri, na dada mtu mzima mpe pamoja na neno moja la tahadhari, kwa sauti ya chini, sio kaunta nzima isikie. Habari ya nani kaazima nini ibaki kati yenu wawili siku zote.

Wa mahali ni rahisi, hawa wanataka kusafiri. Kuli cha Adam Shafi kwa mtu aliyefanya kazi bandarini au ana baba aliyefanya, kinakwenda mpaka mgomo wa 1948 Zanzibar. Siku Njema cha Ken Walibora kwa kijana, maana ni kijana wa Tanga anayemtafuta baba yake Kenya. Peponi cha Gurnah kipo kwa Kiswahili tangu 2022, kakitafsiri Ida Hadjivayanis, na watu wanaoulizia yule Mzanzibari wa Nobeli wengi hawajui kama wanaweza kumsoma kwa lugha yao wenyewe, waambie!

Wa lugha ndio Shaaban Robert. Tuna tabia ya kumpa Shaaban Robert kila anayeingia kwa sababu ni heshima, ila mtu ambaye hajasoma riwaya miaka kumi ukimwanzishia Kusadikika anaweza asivuke ukurasa wa tatu. Mpe yule anayependa mashairi, mawaidha, mzee anayeongea kwa methali. Shikamoo mzee, keti kidogo nikusomee, halafu unamsomea ukurasa wa kwanza kwa sauti, nchi inayoelea hewani, Karama amesimama mbele ya mfalme kujitetea. Kusoma kwa sauti ukurasa mmoja kunashinda maelezo yako yote.

Kitu kingine, usipime ugumu kwa unene. Nagona ni kijitabu chembamba na watu wanakichukua wakidhani watamaliza kwenye daladala, kumbe ni kati ya vigumu kuliko vyote alivyoandika Kezilahabi. Ndo maana lazima uwe umesoma unachopendekeza, angalau kurasa 50. Hujasoma? Sema "hiki sijakisoma, fulani alikipenda", inatosha.

Kwa wale wasiopenda kuulizwa maswali (wapo wengi, na ni haki yao) weka kadi. Kata karatasi ngumu, andika kwa mkono, bandika kwenye rafu chini ya kitabu, na kitabu chenyewe kigeuze kava itazame watu. Sentensi mbili tu: nani, na yamemkuta nini. Malizia na "kama ulipenda kile, jaribu hiki". Weka jina lako la kwanza ili watu wajue wamuulize nani. Maneno kama dhamira na fasihi andishi yasionekane hapo.

Nakala ikiwa moja tu na imeazimwa, usimwache mtu aondoke mikono mitupu, uwe na cha pili na cha tatu kichwani tayari, na umwandike jina kwenye daftari umpigie au umtumie wasap kikirudi. Mpigie kweli.

Halafu siku ya kurudisha ndo yenye kazi kubwa, na wengi tunaipitisha kwa kugonga muhuri tu. Uliza "umefika wapi?", usiulize "umemaliza?". Akisema kilimshinda mwambie hamna shida, huyohuyo Nancy Pearl anashauri kurasa 50 zinatosha kuamua, na ukishavuka miaka 50 unatoa umri wako kwenye 100, kwahiyo bibi wa miaka 70 anadaiwa kurasa 30 tu. Muulize kilimchosha wapi, andika kwenye daftari lako, na umpe cha mlango mwingine kabla hajaufikia mlango wa maktaba.