Somo: Stadi za Kusimamia Muungano wa Kampuni Mbili

Somo hili linamlenga meneja aliyekabidhiwa kazi ya kuunganisha kampuni mbili baada ya wanahisa kukubaliana. Mikataba ni ya wanasheria na thamani ya hisa ni ya wahasibu. Yeye amebakiwa na watu, taarifa na ratiba.

Hatua ya kwanza ni kujua mipaka ya sheria. Tanzania Bara, muungano unaovuka kiwango cha thamani kilichowekwa ni lazima uarifiwe kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na hadi kibali kitoke pande hizo mbili bado ni washindani. Mipango inaweza kuandaliwa, lakini maofisa mauzo wasikae meza moja kupanga bei.

Hatua ya pili ni kumaliza suala la vyeo mapema. Benki za NIC na CBA za Kenya zilipoungana mwaka 2019 na kuwa NCBA, mkuu wa NIC alishika uongozi wa kundi zima, na mwenzake wa CBA akawa mwenyekiti wa benki ya kundi hilo nchini Kenya. Ngazi ya juu, hata hivyo, ndiyo nyepesi. Ugumu uko kwa mameneja wa kati, wawili kwa kiti kimoja, ambao wakiachwa miezi bila jibu, walio hodari ndio huondoka kwanza, kwa kuwa ndio wanaotafutwa kwingine.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hupima msimamizi, ni kuunganisha taarifa. Chukua mteja aliyesajiliwa kampuni zote mbili: huku ameandikwa Saidi Salum, kule Said S. Salim, namba za simu hazifanani, na upande mmoja hauna namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Mfumo utamhesabu kuwa watu wawili, deni lake litagawanyika, na ujumbe wa kumkumbusha kulipa utakwenda kwenye namba aliyoiacha zamani. Msimamizi si lazima awe fundi wa kompyuta, ila ajue kudai majaribio ya kuhamisha taarifa, kulinganisha jumla za salio kabla na baada, na kukataa kuzima mfumo wa zamani kama hesabu hazijakubaliana, hata kama tarehe ya uzinduzi imekwisha kutangazwa.

Hatua ya nne ni kuoanisha maslahi. Mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, kikokotoo kipya, yaani fomula ya kukokotoa mafao, kilizua malalamiko makubwa, na Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza vikokotoo vya awali viendelee kutumika hadi mwaka 2023. Ile ni mifuko ya umma, lakini hata katika kampuni binafsi mtu hustahimili nembo mpya kwa urahisi kuliko badiliko la fomula ya malipo yake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mwanza: Je, muungano unampa mwajiri ruhusa ya kupunguza watu moja kwa moja?

Jibu: Hapana. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka atoe notisi ya kusudio lake, aeleze sababu na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wahusika wenyewe kabla ya kuamua. Atakayepunguzwa akiwa ametumikia angalau miezi 12 mfululizo hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.

Mwanachama wa Arusha: Kampuni yetu ni ndogo. Tuajiri mshauri kutoka nje?

Jibu: Mwajirini kwa kazi yenye mwisho, kama vile kukagua uhamishaji wa taarifa. Usimamizi wenyewe upewe mtu wa ndani aliyeondolewa majukumu mengine, kwani mkuu wa fedha anayeufanya jioni baada ya kufunga hesabu hataufikisha mbali.