Picha ikikwama, usikimbilie kugeuza dishi

Nafunga madishi hapa Tanga, na wateja wengi wakinipigia wanasema, "Fundi, njoo ugeuze dishi." Mimi huuliza kwanza: inakata saa ngapi, na chaneli zipi?

Ikikata kwenye mvua kubwa na kurudi mvua ikipungua, hakuna kilichoharibika. Mvua hufifisha mawimbi, nayo yametoka kwenye satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ila kama hata manyunyu yanakata picha, kuna hitilafu ya kutafuta. Na mwezi Machi na Septemba jua hupita nyuma ya satelaiti, picha ikapotea dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo. Usiguse kitu.

Zikipotea chaneli nusu, nusu nyingine ziko safi, tazama waya. King'amuzi hupeleka umeme kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, kwa waya uleule unaoleta picha: volti 13 kwa chaneli ambazo mawimbi yake ni ya wima, volti 18 kwa za mlalo. Koneka ikila kutu au waya ukiwa mrefu kupita kiasi, zile 18 hufika juu zimepungua, na chaneli za mlalo hazifunguki.

Huku pwani hewa ya chumvi ndiyo adui mkubwa. Chomoa king'amuzi kwenye soketi, kisha fungua koneka ya LNB. Shaba ya kati ikiwa ya kijani au nyeusi, kata waya kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa. Funga koneka mpya, wala usiisugue ile ya zamani. Hakikisha hata uzi mmoja wa ule wavu wa nje wa waya haugusi shaba ya kati, na shaba itokeze mbele milimita mbili au tatu. Zungushia tepu ya mpira. Ya umeme ya kawaida hulegea juani. Acha waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondoke, yasiingie kwenye koneka.

Picha ikikata kwenye upepo tu, shika nguzo uitikise. Ikicheza, kaza bolti za ukutani.

Kama baada ya hayo yote ni lazima dishi lisogezwe, chora alama kwa makapeni kwenye nguzo na kwenye kishikio kabla ya kulegeza chochote. Sogeza kidogo sana, kisha subiri sekunde kadhaa, maana king'amuzi huchelewa kusoma. Kwenye skrini fuata kipimo cha ubora wa mawimbi, si cha nguvu: nguvu inaweza kuwa juu na picha isitoke.