Majani ya Zion: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubeba Kamera

Kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, majani huanza kugeuka rangi juu kabisa milimani mwishoni mwa Septemba, kisha rangi hiyo huteremka polepole hadi ifike chini ya korongo la Zion mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Asiyelijua hilo anaweza kuingia korongoni Oktoba 5 akakuta miti ingali kijani kitupu, au akapanda Cedar Breaks, hifadhi iliyo juu milimani, Oktoba 25 akakuta matawi matupu na theluji. Kamera ya maelfu ya dola haitamsaidia. Kitu cha kwanza kuandaa, kabla ya lenzi na kabla ya nguo, ni ramani inayoonyesha urefu wa ardhi.

Ukingo wa Cedar Breaks uko zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari. Lava Point, inayofikiwa kwa barabara ya Kolob Terrace, ni kama meta 2,400. Upande wa mashariki wa hifadhi ya Zion, ukishavuka handaki la barabara lililokamilika mwaka 1930, unakaribia meta 1,700. Chini ya korongo, jirani na mji mdogo wa Springdale, ni kama meta 1,200 tu. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5; aliyetoka Moshi mjini akaenda kulala Marangu hahitaji kuelezwa zaidi. Miti nayo imejipanga kwa urefu huo huo. Juu kuna aspeni, mti wa gome jeupe unaogeuka manjano ya dhahabu kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na ya kwanza ya Oktoba. Katikati, kwenye mabonde makavu ya mchanga upande wa mashariki, kuna mepo (maple), miti inayogeuka myekundu kati na mwishoni mwa Oktoba. Chini, kandokando ya mto Virgin, kuna kotonwudi (cottonwood), miti mikubwa ambayo ndiyo ya mwisho kugeuka.

Ushauri wangu ni huu: usifunge safari kwa ajili ya mti mmoja. Panga siku kadhaa ambazo unaweza kupanda au kushuka kwa gari, na uweke malazi mahali panapokuruhusu kubadili tarehe bila kupoteza fedha. Urefu wa usiku ndio unaouambia mti uanze kujiandaa kwa baridi, na huo haubadiliki mwaka hadi mwaka. Lakini ubora wa rangi hutegemea hali ya hewa. Manjano imo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Kijani kikivunjika, manjano inajitokeza. Wekundu ni tofauti: hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, na hunoga mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi bila kugandisha. Kiangazi kikali huyafanya majani yawe ya kahawia mapema. Na upepo mmoja wa dhoruba unaweza kuyaangusha yote usiku mmoja, hata kama utabiri wa rangi ulikuwa mzuri kiasi gani.

Kuna jambo kuhusu aspeni ambalo hubadilisha kabisa namna ya kuzitazama. Aspeni huzaana kwa mizizi, kwa hiyo kundi zima unaloliona mlimani mara nyingi ni mti mmoja wenye mashina mengi. Mkubwa unaojulikana zaidi ni Pando, karibu na ziwa Fish Lake katikati ya Utah: hekta 43 hivi, mashina yapatayo 47,000, na barabara ya lami inapita katikati yake. Kwa kuwa kila kundi ni mti mmoja, hugeuka rangi pamoja, na kundi la jirani huwa na tarehe yake. Ndiyo sababu mteremko mmoja unaweza kuwa na baka la kijani, baka la dhahabu na baka la rangi ya chungwa, yenye mipaka kama imechorwa. Beba lenzi ndefu kwa ajili ya mabaka hayo, kuanzia milimita 70 hadi 200. Watu wengi huja na lenzi pana pekee, wakaondoka na picha zenye anga kubwa na majani madogo mno.

Sasa mwanga, na hapa ndipo korongo linapotofautiana na mlima. Tumezoea kuambiwa tupige picha alfajiri na jioni. Mlimani hilo ni sahihi. Ndani ya korongo lenye kuta za mamia ya meta, alfajiri ni giza la bluu, na jua likishuka upande wa pili korongo hubaki kivulini mapema. Saa nzuri ni za katikati ya asubuhi hadi adhuhuri, kwa sababu moja: jua hupiga ukuta mmoja, ukuta huo wa mawe mekundu ya mchanga hurudisha mwanga, na mwanga huo wenye joto huangukia miti iliyo kivulini upande wa pili. Majani huwaka bila kuguswa na jua. Mpigapicha anayeutafuta mwanga huu hasimami penye jua. Husimama kivulini, akautazama ukuta unaowaka, kisha akageuka kuangalia mwanga wake unaangukia wapi. Fremu yake haina anga wala kipande cha ukuta chenye jua kali, maana tofauti ya mwanga na kivuli humo ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba.

Korongo la Zion limelala takriban kaskazini hadi kusini. Asubuhi jua hupiga magenge ya upande wa magharibi, alasiri ya upande wa mashariki. Kilele cha Watchman huwaka machweo, na picha yake pamoja na mto na kotonwudi imepigwa mara nyingi sana kutoka daraja la Canyon Junction. Daraja hilo ni la magari. Njia ya miguu ya Pa'rus inapita kando ya mto hapo hapo, na mimi naipenda zaidi: unakuwa karibu na maji, na humzuii mtu.

Kabla hujatoka nyumbani, badili mambo mawili kwenye kamera. La kwanza, ondoa ule mpangilio unaoachia kamera ichague yenyewe rangi nyeupe iweje. Kamera ikiachiwa, itauona mwanga wa chungwa wa korongo kama kosa na kuufuta. Weka alama ya jua au ya mawingu, na uhifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo rangi yake unaweza kuirekebisha baadaye. La pili, washa histogramu (mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye picha) inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Jani la manjano lililopigwa jua huijaza nyekundu mpaka inafurika huku histogramu ya kawaida ikikuonyesha kwamba mambo ni shwari; ukifika nyumbani unakuta jani ni doa la manjano lisilo na mishipa. Punguza mwanga kidogo, theluthi moja au mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), kisha uangalie tena.

Filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, ni ya lazima kwangu, hata siku ya mawingu au baada ya mvua. Jani lina mng'ao mweupe juu yake unaoficha rangi. Zungusha filta taratibu huku ukiangalia, na mng'ao huondoka. Usiizungushe hadi mwisho ukiwa na lenzi pana na anga ndani ya fremu, kwa sababu anga litakuwa na doa jeusi upande mmoja. Filta hiyo inakula mwanga wa stopu moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo tripodi, stendi ya miguu mitatu, ni muhimu, hasa ukitaka maji ya mto yawe laini kwa robo ya sekunde au zaidi. Aspeni zina tabia yake: kikonyo cha jani lake ni bapa, kwa hiyo jani hutetemeka kwa upepo mdogo sana. Ama upande mlimani mapema asubuhi kabla upepo haujaamka, ama uongeze kasi ya shata (kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga) na kukubali ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande.

Kuhusu baridi: betri huisha haraka, basi weka za akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukiingia ndani ya gari lenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Usalama uupe muda zaidi kuliko vifaa. Wanaotaka kuingia The Narrows, ambako njia yenyewe ni mto, lazima wasome utabiri wa mafuriko ya ghafla unaotolewa kila siku kwa ajili ya Zion. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu yako anga likiwa safi, na maji yakafika kabla hujapata pa kupanda. Septemba 2015 watu 7 walifariki katika korongo jembamba la Keyhole, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kwa mafuriko ya namna hiyo. Utabiri ukisema mafuriko yanawezekana, piga picha kutoka Riverside Walk, njia ya sakafu ngumu ya kama kilomita 1.6 inayoishia pale mto unapoanza kuwa njia. Kotonwudi ziko pale pale. Na usiyanywe maji ya mto huo wala kuzamisha kichwa, kwani yamekuwa na bakteria wanaotoa sumu.

Milimani nje ya hifadhi, Oktoba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa kali, na mtoto avae pia. Barabara za juu kama ya 14 na ya 143 zinaweza kupata theluji mwezi huo. Angalia taarifa za idara ya barabara ya Utah asubuhi ya safari. Pakua ramani kwenye simu mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya korongo haina mtandao. Droni iache nyumbani: hifadhi za taifa za Marekani ziliipiga marufuku tangu mwaka 2014.

Katika msimu wa mabasi ya hifadhi, magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya ndani ya korongo. Soma ratiba, hasa ya basi la mwisho, maana kutoka kituo cha Temple of Sinawava, cha mwisho ndani ya korongo, hadi lango ni kama kilomita 14 kwa miguu, gizani, na tripodi begani. Anayetoka Las Vegas akumbuke kwamba Utah iko saa moja mbele. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma: jua lililokuwa linachomoza karibu na saa mbili asubuhi linachomoza karibu na saa moja, na machweo yanakuja mapema vivyo hivyo.

Mkienda na familia, kama wafanyavyo wengi wetu wanaoishi Salt Lake City, semeni mapema mtavaa nini. Kitenge chenye bluu au zambarau hukaa vizuri sana mbele ya dhahabu ya aspeni. Manjano juu ya manjano humeza mtu. Wazee na watoto wapewe koti zito na maji ya kutosha, kwa sababu kwenye meta 3,000 kichwa huuma kwa mtu aliyetoka bondeni asubuhi hiyo hiyo. Wapigeni picha wao kwanza, wakiwa bado na nguvu. Miti itawasubiri.