Kusoma slaidi ya ini: pituitari imefanya nini hapa?

Vijana wanaokuja maabarani kwetu hapa Tudor huniuliza seli zipi za ini zina kromosomu maradufu. Haya, kwanza pangusa lenzi ya hadubini; unyevu wa Mombasa huotesha ukungu kwenye kioo usipoangalia. Anza na slaidi ya yule panya mkubwa mweupe wa maabara, mzima, kwa lenzi ya kukuza mara 40.

Tafuta seli zenye viini viwili: zilinakili kromosomu, zikagawa kiini, lakini seli yenyewe haikukatika. Kisha linganisha viini. Hapa ndipo wengi huteleza. Kiini chenye kromosomu 84 badala ya 42 kina ujazo mara mbili hivi, ila kipenyo chake huzidi kwa takriban robo tu. Usikisie kwa macho, pima. Ukitaka uhakika, tumia rangi ya Feulgen, ambayo hukolea kadiri DNA inavyozidi.

Sasa weka slaidi ya panya aliyeondolewa pituitari, tezi ndogo ya chini ya ubongo inayotoa homoni, akiwa mchanga. Viini vingi ni vidogo, vimelingana kama punje za mtama: bila homoni ya ukuaji, na bila ile inayoamsha thairoidi, tezi ya shingoni, kurudufika kwa kromosomu hudumaa. Ukikata theluthi mbili za ini lake bado litaota, ila kwa kuchelewa. Ndiyo maana sikubali mtu aandike kwamba pituitari "huwasha" mgawanyiko wa seli; huuharakisha tu. Na umri wa panya uandikwe, maana seli zenye viini viwili huongezeka anapoacha kunyonya.